Anaendelea na Nini? Historia Fupi ya Neno Maendeleo

Kila mwisho wa muhula, kwa miaka yote niliyofundisha shule za sekondari, nilijaza fomu yenye kichwa kimoja: Ripoti ya Maendeleo ya Mwanafunzi. Chini kabisa palikuwa na mstari wa maoni ya mwalimu wa darasa, nami nilikuwa na sentensi yangu ya kudumu: "Anaendelea vizuri." Siku moja mama mmoja aliyekuja kuchukua ripoti ya mwanawe wa kidato cha kwanza aliniomba nimsomee. Nilipomaliza alinitazama kidogo, kisha akauliza kwa adabu, "Mwalimu, anaendelea na nini?"

"Anaendelea na masomo, mama," nikamjibu.

"Hilo nalijua," akasema, "ndiyo maana nalipa ada."

Tulicheka sote wawili, akaondoka. Swali lake halikuondoka. Nilikuwa nimelitumia neno hilo maelfu ya mara bila kulikagua, kama mtu anayepokea sarafu na kuitoa bila kuitazama sura yake. Makala haya ni jibu langu la kuchelewa kwa mama yule. Nataka kueleza neno maendeleo lilivyokutana na neno la Kiingereza "development", lilipokea nini kutoka kwake, na sisi tulipoteza nini katika mapokezi hayo.

Tuanze na hilo la kigeni. "Development" limetokana na kitenzi cha Kifaransa "développer", ambacho maana yake ya awali ni kufungua kilichofungwa au kukunjua kilichokunjwa. Ni ndugu wa damu wa "envelope", yaani bahasha: mmoja hufunika, mwingine hufunua. Kitenzi kiliingia katika Kiingereza karne ya 17, na nomino ikafuata karne ya 18. Wajerumani nao wana "Entwicklung", lililojengwa kwa picha hiyohiyo ya kuzongoa kilichozongwa. Kwa hiyo, katika asili yake, neno hili halisemi habari ya kutoka hapa kwenda pale. Linasema kwamba kitu kimo ndani tayari, kimejikunja, na sasa kinajitokeza. Mfano wake bora ni chipukizi: jani zima limo ndani, bado halijafunguka. Ndiyo maana wanasayansi wa mimea na wa viumbe walilipenda neno hili mapema, walipotaka kueleza jinsi mbegu inavyokuwa mti na yai linavyokuwa kifaranga.

Sasa tulitazame letu. Maendeleo limetoka katika kitenzi enda. Kauli ya kutendea hutupa endea. Tukiirudia kauli hiyo juu ya yenyewe tunapata endelea, kama vile tupa, tupia, tupilia, au shika, shikia, shikilia. Urudufu huo huongeza maana ya kushupaa na kufika mbali. Atupaye ametupa, atupiliaye ametupa asikotaka kukuona tena. Vivyo hivyo aendaye anakwenda, bali aendeleaye hakomi. Tukiweka ma- mwanzoni na -o mwishoni tunapata jina la tendo hilo: maendeleo. Ni neno la barabarani. Lina vumbi la miguu, halina harufu ya udongo uliopandwa.

Neno hili lina tabia nyingine ambayo mama yule aliigundua papo hapo: halichagui mwelekeo wa heri. Masomo yanaendelea, lakini vita navyo vinaendelea, njaa inaendelea, hata ugonjwa unaendelea. Ndiyo maana mtu akiulizia hali ya mgonjwa, "Anaendeleaje?", hujibiwa kwa kielezi: vizuri, au hivyohivyo. Kitenzi chenyewe hakisemi lolote. Wema umeingia katika nomino baadaye, kwa mazoea. Leo hakuna anayeuliza kama maendeleo ni mema au mabaya. Wema tumeushonea ndani ya neno kama bitana.

Kwa nini basi lilichaguliwa neno la mwendo kutafsiri neno la kukunjuka? Nadhani ni kwa sababu Kiingereza cha enzi za ukoloni kilikuwa na maneno mawili yaliyotembea pamoja. Moja ni "development". La pili ni "progress", ambalo asili yake ya Kilatini ni kupiga hatua mbele. Hilo la pili linalingana barabara na maendeleo. Kiswahili kikayapokea yote mawili katika chombo kimoja, na picha ya hatua ikaimeza picha ya chipukizi. Tangu hapo tukaanza kusema kwamba jamii fulani iko mbele, nyingine imebaki nyuma, nyingine imeachwa. Chipukizi halibaki nyuma ya chipukizi jingine. Kila moja lina msimu wake. Barabarani ndiko kwenye wa kwanza na wa mwisho.

Lakini liko jambo la kisarufi lenye uzito zaidi. Katika Kiingereza, kitenzi "develop" hutumika kwa namna mbili bila kubadili umbo: kitu kinaweza kujikunjua chenyewe, na mtu anaweza kukikunjua. Nomino yake inaficha tofauti hiyo kabisa. Ukisoma maneno yanayomaanisha "development ya Afrika", huwezi kujua kwa sarufi peke yake kama Afrika ndiyo inayotenda au ndiyo inayotendwa. Kiswahili hakitoi maficho ya namna hiyo. Endelea ni la mwenyewe. Endeleza ni la mwingine anayesababisha. Msemaji analazimika kuchagua, na akichagua tunajua amemweka nani kwenye kiti cha mtenda.

Historia inaonyesha kwamba wakoloni walikuwa na maana ya pili. Mwaka 1895 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliliambia Bunge la nchi yake kwamba makoloni ni milki ambazo bado hazijaendelezwa. Alikuwa akizungumza kama mwenye shamba anayezungumzia pori lake. Mwaka 1929 ikapitishwa Sheria ya Maendeleo ya Makoloni, iliyoruhusu matumizi ya hadi pauni milioni 1 kwa mwaka, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kupunguza ukosefu wa kazi huko Uingereza kwenyewe. Mwaka 1940 ikafuata Sheria ya Maendeleo na Ustawi wa Makoloni.

Hapo tusimame kidogo, kwa kuwa jina la sheria hiyo ya pili linatuonyesha mgawanyo ambao tunaishi nao hadi leo. Stawi ni neno lenye asili ya Kiarabu, nasi tumelitumia kwa mimea iliyonawiri: mpunga umestawi, migomba imestawi. Kati ya maneno yote tuliyo nayo, hilo ndilo lililoikaribia zaidi ile picha ya chipukizi. Lakini katika lugha ya ofisi ustawi ulipewa kazi ya kutafsiri neno jingine, lile la huduma kwa wenye dhiki. Tukapata Idara ya Maendeleo ya Jamii kwa upande mmoja, na Ustawi wa Jamii kwa upande wa pili: yatima, wazee wasio na wa kuwatunza, ndoa zilizovunjika. Neno la shamba lililonawiri likapelekwa kwa walioumia, na neno la safari likapewa bajeti ya barabara na viwanda. Sisemi kwamba kazi ya ustawi wa jamii ni ndogo, hasha. Nasema kwamba maneno hayo mawili yangekaa katika nyumba moja, pengine tusingezoea kufikiri kwamba barabara ni maendeleo na afya ya nafsi ni msaada.

Kwa Tanganyika, mfano mkubwa wa uendelezaji wa kikoloni ni Mpango wa Karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kupikia, ikaazimia kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Zililetwa trekta, na vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'olea miti. Reli ilijengwa kusini, na bandari ikajengwa Mtwara. Lakini udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama saruji, mvua hazikutii ratiba, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Ukitazama kwa jicho la mwendo, kila kitu kilikwenda: mashine, watu, fedha, garimoshi. Kilichokosekana ni kumea.

Hata hivyo neno lenyewe lilishika. Mwaka 1952 nchini Kenya kilianzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake, chini ya mbawa za serikali ya kikoloni, na baadaye Wakenya wenyewe wakakishika. Wakati huohuo neno la Kiingereza lilikuwa limepanda cheo duniani. Tarehe 20 Januari 1949 Rais Harry Truman wa Marekani, katika hotuba ya kuapishwa kwake, alitangaza mpango wa kuzisaidia nchi alizoziita zenye maendeleo duni. Kwa hotuba moja sehemu kubwa ya wanadamu ilipata jina jipya. Kiswahili kikafuata kwa kuunda jozi tunayoitumia magazetini hadi sasa: nchi zilizoendelea na nchi zinazoendelea. Mwanafunzi wangu mmoja mtundu aliwahi kuuliza kama nchi zilizoendelea zimeacha kuendelea. Kisarufi hakukosea. Kiambishi -me- hakikubali kurejeshewa, hivyo tumelazimika kutumia -li-, na -li- ni wakati uliopita.

Uhuru ulipopatikana, neno maendeleo lilibadilisha mikono. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba ili nchi iendelee inahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na kwamba fedha ni matunda ya juhudi, si chanzo chake. Mwaka uliofuata Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Uhuru na Maendeleo. Hoja yake kuu, kwa maneno yangu mwenyewe, ni kwamba mgeni anaweza kumjengea mtu nyumba lakini hawezi kumjengea heshima na kujiamini. Hivyo watu hawaendelezwi, bali hujiendeleza. Tazameni viambishi. Hoja yote ya kisiasa imo katika tofauti ya -zwa na -ji-. Andiko hilo lilitangulia kwa miaka 31 kitabu cha Amartya Sen cha mwaka 1999, kilichoufundisha ulimwengu kuyatazama maendeleo kuwa ni uhuru.

Ingekuwa heri kama kisa kingeishia hapo. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Jambo lililokuwa la hiari likawa amri. Mamilioni ya watu walihamishwa kwa muda mfupi sana, na katika sehemu nyingine kazi hiyo ilipewa jina la Operesheni Sogeza. Vijiji hivyo vipya viliitwa vijiji vya maendeleo. Wako waliopata shule, zahanati na kisima kwa sababu ya kusogezwa huko, na haki ni kulisema hilo. Lakini kwa upande wa lugha, kile kilichokuwa kimeandikwa kwa -ji- mwaka 1968 kilitekelezwa kwa -zwa. Mzee mmoja aliyehama miaka ile aliwahi kunisimulia bila chuki yoyote: "Tuliambiwa twende kwenye maendeleo, mwanangu, tukaenda. Miembe ndiyo iliyobaki."

Sijapata kusikia ufafanuzi bora kuliko huo wa tofauti kati ya kwenda na kukua.

Washairi nao hawakukaa kando. Baada ya Azimio, Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA waliichukua ngonjera, mashairi ya kujibizana jukwaani, wakaifanya chombo cha kufundishia siasa mpya. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, baada ya Mnyampala kufariki dunia, na shule nyingi zilizighani ngonjera mbele ya wageni kwa miaka mingi. Mimi mwenyewe nimefundisha watoto kuzighani. Kwa mtunzi, maendeleo ni neno la kushawishi sana: lina mizani 5, linaacha 3 tu kukamilisha kipande cha 8, na kina chake kinapatana na leo, ambalo halikosi mahali pa kukaa. Kwa sababu hiyo tulilitia kila mahali. Nimesahihisha tungo nyingi za wanafunzi ambamo neno hili limewekwa kwa ajili ya kina tu, na ukilitoa, ubeti haupungukiwi na maana. Ushairi unapozoea neno kiasi hicho, unalichosha.

Ilhali hazina ya maneno ya kukua tunayo. Tuna kumea, kuchipua, kunawiri, kupevuka, kukomaa. Tuna pia kinyume chake, kudumaa. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipotoa kitabu chake mashuhuri mwaka 1972, alifanya jambo la kiuandishi lisilopewa sifa ya kutosha: alikigeuza kile kivumishi cha Truman kuwa kitenzi chenye mtenda. Hakusema kwamba Afrika iko nyuma. Alisema Ulaya ndiyo iliyoifanya hivyo. Ukikitafsiri kitenzi hicho kwa lugha ya barabara utapata maneno marefu na mazito, kuifanya isiendelee, kuirudisha nyuma. Kwa lugha ya shamba neno moja latosha: kudumaza. Mtoto aliyedumaa hakuchelewa njiani. Alinyimwa chakula.

Hata picha ya awali ya kukunjua tunayo, tena tumeipa heshima kubwa. Kutokana na kunjua tumepata mkunjufu na ukunjufu: mtu mwenye moyo mkunjufu ni yule ambaye nafsi yake haikujikunja, anayekupokea kwa uso ulio wazi. Kiingereza kililichukua wazo la kukunjuka kikalipeleka kwenye uchumi na majengo. Sisi tulilipeleka kwenye utu. Na huo uchumi wetu wenyewe umetokana na kuchuma. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Kabla ya kuchuma sharti kiwepo kilichoota.

Jambo la kutia moyo ni kwamba wasemaji hawakukubali kila kitu kiwe maendeleo. Mpiga picha wa zamani hakuiendeleza filamu, aliisafisha. Mwalimu wa muziki hukuza kipaji. Chombo kilichoshughulikia mitaala ya shule kiliitwa wakati mmoja Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ingawa kwa Kiingereza kazi hiyo hutajwa kwa neno lilelile la "development". Mtu hupatwa na maradhi, haendelezi maradhi. Na kitenzi endeleza chenyewe kina maana nyingine darasani: kuandika neno kwa kufuatanisha herufi zake sawasawa, ndiyo maana tahajia huitwa pia maendelezo. Mwaka 2021 Tanzania ilipozindua programu yake ya taifa kuhusu watoto wadogo, jina lake lilitaja malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Nililifurahia jina hilo. Naona ndani yake Waswahili waliohisi kwamba maendeleo peke yake hayatoshi kumbeba mtoto, wakamwekea malezi na makuzi yamtangulie. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Siwaombi wasomaji wa ukurasa huu walitupe neno maendeleo. Limetumika kwa heshima, limejengewa shule na visima, na watu wametoa jasho chini yake. Ninachoomba ni kila mmoja wetu, kabla ya kuliandika, alikague kwa maswali matatu. Nani anaendelea? Kama kuna anayeendeleza, ni nani, na je, tumemtaja? Na je, tunachotaka kusema ni kwamba kitu kimesogea, au kwamba kimekua? Jibu likiwa ni la mwisho, tuna kukua, kustawi na kupevuka, na mashairi yetu yatanufaika.

Mimi nilianza na ripoti zangu. Muhula uliofuata, nilipofika kwenye jina la mtoto wa mama yule, nilishindwa kuandika sentensi yangu ya kudumu. Niliandika: "Sasa anatunga insha ya kurasa mbili bila kunakili ya mwenzake. Hesabu za sehemu bado zinamshinda." Mama alipokuja nilimsomea, akatikisa kichwa polepole, akakunja karatasi na kuifunga kwenye pindo la khanga yake.

"Hizo za sehemu," akasema, "tutazitafutia mtu."